Upasuaji wa macho kwa leza kwa wasioona mbali na wenye astigmatizimu: mwongozo kamili, hatua kwa hatua

Wasomaji wanaoniandikia baada ya kufanyiwa upasuaji huu bila kuridhika huwa na malalamiko yanayofanana: namba imebaki, taa za usiku zinatawanyika, macho yanakauka, au siku ya kupimwa waliambiwa hawafai na wakarudi nyumbani bila kuelewa sababu. Ukifuatilia maelezo yao, aghalabu utakuta mashine haikuwa na tatizo. Leza hukata kile tu ilichoagizwa kukata, na agizo hilo hutoka kwenye vipimo. Vipimo vikichukuliwa kwenye jicho ambalo halijatulia, mashine italitekeleza kosa hilo kwa usahihi mkubwa. Ndiyo maana sehemu kubwa ya mwongozo huu inahusu wiki zinazotangulia upasuaji na miezi inayoufuata, na sehemu ndogo inahusu dakika chache za leza yenyewe.

Maelekezo ya daktari aliyekupima yakitofautiana na haya, fuata ya daktari, lakini mwombe akueleze sababu.

## Vitu vya kuandaa kwanza

- Vyeti vyako vya miwani vya mwaka mmoja uliopita au zaidi, pamoja na cha sasa.
- Miwani yenye namba sahihi, kwa ajili ya kipindi utakachoacha kuvaa lenzi za kubandika machoni.
- Orodha ya dawa zote unazotumia, zikiwemo za chunusi, mzio na homoni.
- Machozi bandia yasiyo na kihifadhi, yale ya vichupa vidogo vya kutumia mara moja.
- Miwani ya jua inayozuia kabisa miale ya urujuanimno.
- Kinga ngumu za kufunika macho wakati wa kulala, na tepu laini, ikiwa kliniki haitoi.
- Mtu mzima wa kukurudisha nyumbani.
- Mapumziko ya kazi: siku mbili au tatu kwa LASIK na SMILE, wiki nzima kwa PRK (hizi ni njia tatu za upasuaji wa leza, zimeelezwa katika hatua ya 5).
- Faili moja la kuhifadhia karatasi zote za vipimo. Umuhimu wake utaonekana katika hatua ya mwisho.

## Hatua ya 1: Thibitisha kwamba namba yako imetulia

Chukua cheti chako cha sasa. Kwa kawaida kila jicho huwa na namba tatu katika mstari mmoja, kwa mfano −4.00 / −1.50 × 180. Namba ya kwanza ni kiasi cha kutoona mbali, kwa kipimo cha dayopta. Ya pili, iitwayo silinda, ni kiasi cha astigmatizimu, yaani tofauti ya mpindo wa konea pale kioo hicho cha mbele ya jicho kinapokaribia umbo la yai badala ya umbo la mpira. Ya tatu ni mhimili, nazo ni nyuzi kuanzia 1 hadi 180 zinazoonyesha tofauti hiyo imelala kuelekea wapi.

Linganisha cheti hiki na kile cha miezi 12 iliyopita. Kwa jicho lililotulia, tofauti haizidi dayopta 0.50 katika namba ya kwanza wala ya pili. Sababu ni kwamba kutoona mbali husababishwa mara nyingi na jicho kurefuka, na leza hunyoosha mpindo wa konea lakini haiwezi kulizuia jicho kuendelea kurefuka. Anayefanyiwa upasuaji wakati namba yake ingali inapanda atavaa miwani tena. Umri wa chini unaokubalika ni miaka 18, ingawa madaktari wengi, nami nakubaliana nao, hupendelea mgonjwa awe amepita miaka 21.

Tahadhari. Baadhi ya wapimaji huandika silinda kwa alama ya kujumlisha. Cheti kilichoandikwa −5.50 / +1.50 × 90 ni sawasawa na kile cha mfano wetu, ingawa ukivitazama utadhani namba imepanda kwa dayopta nzima na nusu. Ukiona alama tofauti, omba vyeti vyote viandikwe kwa mtindo mmoja kabla ya kulinganisha.

Ukifanikiwa utakuwa na vyeti viwili au zaidi, vilivyopishana kwa mwaka, ambavyo namba zake zinakaribiana kiasi hicho.

## Hatua ya 2: Jichuje mwenyewe

Wengi hulipia vipimo kamili, kisha wanaambiwa jambo ambalo wangeweza kulijua mapema. Usianze safari hii kama una mimba au unanyonyesha, kwa kuwa homoni hubadilisha namba na machozi. Subiri mpaka umalize kunyonyesha na namba itulie upya. Ahirisha pia ikiwa sukari ya damu haijadhibitiwa, ikiwa una lupus au baridi yabisi iliyo katika kipindi kikali, au ikiwa unatumia isotretinoini kwa ajili ya chunusi, dawa ambayo hukausha macho na kuchelewesha kidonda kupona. Mwenye mtoto wa jicho hahitaji leza ya konea; kinachomfaa ni kuondolewa mtoto wa jicho, na kasoro yake ya namba hurekebishwa hapo hapo kwa lenzi inayowekwa.

Kikwazo kikubwa kuliko vyote ni keratokonasi, ugonjwa ambao konea hukonda na kuchongoka taratibu. Kuikata konea ya aina hiyo ni kuidhoofisha zaidi, na matokeo yake yanaweza kuwa upofu unaohitaji kupandikizwa konea ya mtu mwingine. Ikiwa wewe ni kijana, macho yako huwasha na unayasugua mara kwa mara, silinda yako imekuwa ikipanda, au ndugu wa damu ana ugonjwa huo, mwambie daktari kabla hajauliza.

Wenye miaka 40 na kuendelea wana jambo lao la kuzingatia. Karibu na umri huo lenzi ya asili iliyo ndani ya jicho hupoteza wepesi wa kusogeza uoni karibu. Mtu asiyeona mbali huliziba pengo hilo kwa kuvua miwani anaposoma. Akishafanyiwa leza, njia hiyo hufungwa, na atahitaji miwani ya kusomea. Wapo wanaokubali jicho moja lirekebishwe kwa ajili ya mbali na jingine libakizwe na namba ndogo kwa ajili ya karibu. Hilo lijaribiwe kwanza kwa lenzi za kubandika kwa siku kadhaa, kwa sababu si kila ubongo huzoea.

## Hatua ya 3: Acha lenzi za kubandika, na utibu ukavu

Lenzi ya kubandika huifinyanga konea. Ukipimwa saa chache baada ya kuivua, mashine itapima umbo la muda na kulichukulia kuwa umbo lako halisi. Lenzi laini ziachwe angalau wiki 2 kabla ya vipimo. Zile ngumu zinazopitisha hewa ziachwe angalau wiki 3, na kwa aliyezivaa miaka mingi muda huo hurefuka mpaka vipimo viwili vilivyopishana kwa siku kadhaa vitoe jibu moja. Hapa ndipo watu wengi hukosea, kwa sababu kuvaa miwani mizito wiki tatu kunachosha na inaonekana siku moja ya kuvaa lenzi harusini haina madhara. Ukizivaa siku hiyo, anza kuhesabu upya.

Tumia kipindi hicho hicho kutengeneza machozi. Upasuaji hukata mishipa midogo ya fahamu ya konea, ile inayoupa mwili taarifa kwamba jicho limekauka, na mishipa hiyo huchukua miezi kuota tena. Jicho lililoingia likiwa na ukavu kidogo litatoka likiwa na ukavu mwingi. Zaidi ya hayo, uso wa konea uliokauka huvuruga vipimo, hasa mhimili wa astigmatizimu.

Kwa hiyo weka machozi bandia mara nne kwa siku, kanda kope zilizofumbwa kwa kitambaa cha uvuguvugu kwa dakika 5 hadi 10 kisha uzisafishe kingo zake, na punguza saa za kukodolea skrini bila kupepesa. Daktari akiona kope zimevimba au tezi zake za mafuta zimeziba, tibu hilo kwanza hata kama upasuaji utasogezwa mwezi mzima.

## Hatua ya 4: Fanyiwa vipimo kamili

Usiridhike na kliniki inayokupima namba kwa dakika chache na kukupa tarehe. Vipimo vya chini kabisa ni hivi: namba ya jicho kabla na baada ya kuwekewa matone ya kulegeza misuli ya ndani, ramani ya mpindo wa konea, mbele na nyuma, unene wa konea, ukubwa wa mboni gizani, wingi na ubora wa machozi, presha ya jicho, na uchunguzi wa retina, yaani utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, mboni ikiwa imepanuliwa.

Matone ya kulegeza misuli yana kazi yake. Kijana anaweza kukaza jicho bila kujua na kuonekana ana −4.50 wakati ukweli ni −4.00, akikatwa kwa namba ya kwanza, ataishia upande wa pili, akilazimika kukaza macho siku nzima.

Mwenye astigmatizimu aulize zaidi. Mtu anapolala chali, jicho huzunguka kidogo ndani ya tundu lake kulinganisha na alivyokuwa ameketi wakati wa vipimo. Mzunguko wa nyuzi 5 hupoteza takriban asilimia 17 ya marekebisho ya silinda; nyuzi 10 hupoteza kama theluthi; nyuzi 30 hubatilisha kazi yote. Uliza hivi: «Mtahakikishaje mhimili haujahama nikilala?» Jibu zuri ni mojawapo ya mawili: jicho litatiwa alama za wino ukiwa umeketi wima, au mashine ina uwezo wa kuitambua michirizi ya duara lenye rangi linalozunguka mboni na weupe wa jicho na kujirekebisha. Kwa silinda ya 0.50 jambo hili lina uzito mdogo. Kwa silinda ya 2.00 au zaidi, nisingekubali kuendelea bila kupata jibu linaloeleweka.

Ukifanikiwa utakuwa na nakala za ramani na namba zote mkononi, na vipimo vya ziara mbili vikikubaliana, mhimili ukiwemo.

## Hatua ya 5: Fanya hesabu ya unene, kisha chagua njia

Konea ya kawaida ina unene wa mikroni 540 hivi katikati, yaani zaidi kidogo ya nusu milimita. Leza huondoa takriban mikroni 14 kwa kila dayopta moja, kutegemea upana wa eneo linalorekebishwa. Katika LASIK hukatwa kwanza kifuniko chembamba cha mikroni 110 hivi, kikainuliwa, leza ikafanya kazi chini yake, kisha kikarudishwa. Kinachobaki chini ya kifuniko kisipungue mikroni 250, na madaktari waangalifu hutaka 300.

Tuchukue mwenye −4.00 / −1.50 na konea ya mikroni 520. Jumla ya upande wenye namba kubwa zaidi ni dayopta 5.50, ambazo zitaondoa mikroni 77. Ukitoa na 110 za kifuniko, zinabaki 333: ni salama. Sasa mwenye −7.50 / −1.50 na unene ule ule ataondolewa mikroni 126 na kubaki na 284. Amepita mpaka wa 250, lakini kifuniko na kilichoondolewa, vikijumlishwa, ni asilimia 45 ya konea yake, na zaidi ya asilimia 40 ni dalili ya hatari ya konea kulegea na kuchongoka miaka ya baadaye. Huyu aelekezwe kwenye njia nyingine, ikiwemo lenzi inayopandikizwa ndani ya jicho bila kupunguza konea.

Njia kuu za leza ni tatu. LASIK hupona haraka na haina maumivu mengi, ila kifuniko chake hakirudii kamwe uimara wa awali. PRK haina kifuniko: ngozi laini ya juu ya konea huondolewa, leza ikapita, na ngozi ikaota upya. Maumivu yake ni makali kwa siku 2 hadi 4 na uoni hutulia kwa wiki au miezi, lakini ndiyo inayofaa konea nyembamba na watu wanaopigwa usoni kikazi au michezoni. SMILE hukata kipande chembamba ndani ya konea na kukitoa kupitia tundu la milimita 2 hadi 4. Hugusa mishipa michache zaidi, ingawa marekebisho ya mhimili kwa silinda kubwa hutegemea sana umakini wa mpasuaji.

Daktari akikuambia hufai, hesabu hii itakuonyesha sababu, na ni heri jibu hilo kuliko kutafuta kliniki itakayokubali.

## Hatua ya 6: Siku ya upasuaji

Tangu siku iliyotangulia, usijipake vipodozi, losheni wala manukato. Mabaki ya wanja huingia kwenye kidonda, na mvuke wa manukato huathiri mwale wa leza. Kula kama kawaida, na vaa nguo yenye vifungo mbele ili usilazimike kuipitisha kichwani baadaye.

Utawekewa matone ya ganzi na kifaa cha kuzuia kope zisifumbe. Katika LASIK na SMILE utahisi jicho likibanwa, na kwenye LASIK uoni huweza kuwa giza kwa sekunde kadhaa, ni kawaida. Utatakiwa kukazia macho taa moja. Leza ya kunyoosha konea hulia kwa mdundo wa haraka na kutoa harufu kama ya nywele zilizoungua, nayo humaliza kila jicho kwa chini ya dakika moja mara nyingi. Mashine hufuatilia miondoko ya jicho na kusimama likihama mno, kwa hiyo usiogope kwamba kutikisika kidogo kutakuharibia; kazi yako ni kupumua taratibu na kuitazama taa hata ikififia.

## Hatua ya 7: Wiki ya kwanza

Nenda nyumbani moja kwa moja ukalale. Kwa LASIK, macho huchonyota na kutoa machozi kwa saa 4 hadi 6, na asubuhi yake watu wengi huona vizuri. Hapo ndipo uangalifu hulegea, ilhali kifuniko hakijashonwa kwa uzi wowote. Usisugue macho, na uvae kinga ngumu kila unapolala kwa wiki nzima.

Matone utakayopewa kwa kawaida ni antibayotiki na steroidi, dawa ya kupunguza uvimbe. Nawa mikono, inua kichwa, vuta chini ukope wa chini na udondoshe tone moja kwenye mfuko unaojitokeza, bila ncha ya chupa kugusa jicho wala kope. Fumba bila kukaza, bonyeza pembe ya ndani karibu na pua kwa dakika moja, kisha subiri dakika 5 kabla ya dawa nyingine, la sivyo ya pili itaiosha ya kwanza. Machozi bandia yaje mwisho. Usikatize steroidi kwa sababu unaona vizuri. Kwa PRK hupunguzwa hatua kwa hatua kwa wiki nyingi ili kuzuia ukungu kwenye konea, na kwa sababu hiyo hiyo miwani ya jua ni lazima kila utokapo nje.

Aliyefanyiwa PRK huwekewa lenzi laini ya kulinda kidonda kwa siku 4 hadi 7. Usiitoe mwenyewe. Kamwe usitumie matone ya ganzi nyumbani kutuliza maumivu, hata ukiyapata kwa urahisi, kwani huzuia ngozi ya konea isiote na yanaweza kuitoboa konea.

Usikose miadi ya kesho yake. Wasiliana na daktari siku hiyo hiyo, bila kungoja miadi, ukiona maumivu yanaongezeka badala ya kupungua, wekundu na usaha, uoni uliokuwa mzuri ukififia, au ukipigwa jichoni.

## Hatua ya 8: Miezi mitatu hadi sita

Kaa wiki 2 bila vipodozi vya macho, na wiki 4 bila michezo ya kugongana. Kuogelea kusubiri ruhusa ya daktari.

Utaona duara au miale kuzunguka taa za usiku, na jicho litachoka mapema. Katika utafiti uliosimamiwa na Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani kuhusu LASIK, zaidi ya asilimia 95 ya washiriki waliridhika na uoni wao. Hata hivyo, hadi asilimia 46 ya wale ambao hawakuwa na dalili za uoni kabla walikuwa na angalau moja ilipofika miezi mitatu, na hadi asilimia 30 ya wasiokuwa na ukavu waliupata. Namba hizi zinakwenda pamoja, na ni haki ya kila mgonjwa kuzijua kabla ya kusaini fomu. Kwa wengi dalili hupungua kadiri miezi inavyopita. Usiendeshe gari usiku mpaka mwenyewe uone waenda kwa miguu waziwazi licha ya mwanga wa magari yanayokuja.

Namba ikibaki, usikimbilie kurudiwa. Subiri angalau miezi 3 kwa LASIK, na 6 au zaidi kwa PRK, upate vipimo viwili vinavyofanana, kisha hesabu ya unene ifanywe upya.

Ukifanikiwa, utasoma 6/6, yaani uoni wa kawaida, au karibu yake bila miwani, namba haitahama kati ya ziara mbili, na utahitaji machozi bandia mara chache au usiyahitaji kabisa.

## Hatua ya 9: Tunza faili lako maisha yote

Konea iliyopunguzwa hudanganya vipimo viwili. Presha ya jicho husomeka chini kuliko ilivyo, hivyo glakoma, ugonjwa unaoharibu mshipa wa fahamu wa jicho, inaweza kupita bila kugunduliwa. Pia, ukipata mtoto wa jicho uzeeni, hesabu ya kawaida ya lenzi ya kupandikiza itakosea, na namba zako za kabla ya upasuaji zitamsaidia daktari. Mwambie kila anayekupima macho kwamba uliwahi kufanyiwa leza, na umwonyeshe zile karatasi.

Vilevile, retina yako bado ni ya mtu asiyeona mbali. Jicho lililorefuka hubaki refu, na retina yake imevutika na huchanika kwa urahisi zaidi, hata kama sasa huhitaji miwani. Endelea kuichunguza mara moja kwa mwaka ikiwa namba yako ilikuwa −6.00 au zaidi, na ukiona mimuliko ya mwanga, vidoa vyeusi vingi vya ghafla, au kivuli kama pazia kutoka upande mmoja, nenda hospitali siku hiyo hiyo.